Mgeni wa Nani? Kisa cha Richard Burton kwenye lango la Harar, Januari 1855

Barua ilikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo mpokeaji hakuijua hata herufi. Ilidai kutoka kwa mwakilishi wa Waingereza kule Aden. Kwa kweli iliandikwa Sagharrah, kijiji cha mlimani kisicho mbali na kuta za Harar, na aliyeiandika ndiye huyo huyo aliyeibeba hadi mbele ya Amiri. Wiki tano nyuma mtu huyo alikuwa ametoka pwani akijiita Haji Mirza Abdullah, mfanyabiashara Mwislamu. Alipofika langoni, tarehe 3 Januari 1855, jina hilo alikuwa amekwisha kulivua. Aliingia kama Richard Francis Burton, Mwingereza, ofisa wa jeshi la Kampuni ya Mashariki ya India. Jina lake sasa lilikuwa la kweli na barua yake ya uongo.

Kisa hiki huelezwa mara nyingi kama hadithi ya Mzungu jasiri aliyejua Kiarabu, akakaa mkekani, akala kwa mkono na kuuona mji ambao wenzake hawakuuona. Mimi nimekisoma kutoka upande wa pili, upande wa walioshuku, na kila nikikirudia naona kwamba kazi ya upelelezi waliifanya vizuri kuliko mpelelezi mwenyewe. Hawakuhangaika sana kujua kama anaomba dua sawasawa. Walitaka jibu la swali ambalo hata mtoto wa mtaa wa Lamu humwuliza mtu asiyemjua: wewe ni wa nani?

Mji wenyewe kwanza. Harar iko kwenye nyanda za juu za mashariki ya Ethiopia ya leo. Kuta zake, ziitwazo Jugol, zilijengwa karne ya 16 zama za Amiri Nur ibn Mujahid, zikiwa na malango matano. Ndani ya kuta watu walisema Kiharari, lugha iliyo karibu na Kiamhara, nayo haikuwa lugha ya mtu yeyote nje ya hapo: ukitoka langoni hatua chache unasikia Kioromo, ukiteremka kuelekea pwani unasikia Kisomali. Mji ulikuwa na sarafu yake, kipande kidogo cha shaba kiitwacho mahallak. Burton alikadiria wakazi wake kuwa kama 8,000. Misikiti midogo na makaburi ya mawalii yalijaa kila kona, na wanafunzi wa elimu ya dini walitoka mbali kuja kusoma.

Wanaouandika mji huu husema ulikuwa umejitenga na dunia. Hapo ningependa wapunguze sauti. Kahawa ya Harar ilinywewa ng'ambo ya bahari. Watumwa, pembe na nguo za pamba zilizofumwa mjini zilishuka kwa misafara ya ngamia hadi bandari za Zeila na Berbera. Berbera ilikuwa na soko la msimu: kaskazi ikianza, karibu Oktoba, maelfu ya watu walipiga mahema pale, na jahazi zikaja kutoka Arabuni na India, Aprili upepo ukigeuka kila mtu alikwenda zake, pakabaki mchanga na mifupa ya mifugo. Kutoka Berbera hadi Aden ni kuvuka ghuba tu, na Aden ilikuwa mikononi mwa Waingereza tangu 1839. Wasomali walifanya kazi huko za uhamali, ubaharia na upolisi. Kwa maneno mengine, Harar ilimfungia lango mgeni asiye Mwislamu, lakini masikio yake yalikuwa Aden, kazini, kila siku.

Kufungwa kwa lango kulikuwa na maelezo yake. Ilisemekana kwamba usitawi wa mji utakwisha siku Mnasara wa kwanza atakapokanyaga ndani. Burton anataja walioutamani mji huo wakashindwa, na kati yao yumo Johann Ludwig Krapf, yule yule tunayemjua kwa kituo cha Rabai na kamusi ya Kiswahili. Kabla ya kuja Mombasa mwaka 1844 alikuwa mmisionari Shoa, upande wa magharibi wa Harar. Krapf hakujificha, na mlango haukufunguka. Burton akafikiri kujificha ndiyo dawa, kwa sababu mwaka 1853 alikuwa amefanya hivyo Madina na Maka, na alirudi salama.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Maka wakati wa hija ni mji wa wageni. Kila mtu ametoka kwingine. Burton alijitambulisha kule kuwa Mpathani, mzaliwa wa India mwenye wazazi Waafghani, aliyesomea Rangoon. Uongo huo ulikuwa na akili nyingi: Kiarabu chake kikiteleza, ni kwa sababu ni Mpathani, Kiajemi chake kikiteleza, ni kwa sababu alikulia Rangoon. Katika umati wa mahujaji, nani angekwenda Rangoon kuuliza? Watu walimpima kwa ibada, na ibada aliijua.

Njia ya Zeila hadi Harar haikuwa na umati. Ilikuwa na misafara ambayo kila aliyemo ana jina, ana ukoo, ana anayemdhamini. Msomali wa wakati ule hakupitisha mgeni nchini mwake bila abban, yaani mwenyeji anayeuweka uhai wake na heshima ya ukoo wake juu ya mgeni huyo. Ukimwua mgeni umemwua wa abban, na damu italipwa. Utaratibu huo unazaa swali ambalo Maka halikuulizwa. Haji Mirza Abdullah akisema yeye ni mfanyabiashara, vyema. Anafanya biashara na nani? Mzigo wake wa mwaka jana aliununua nani? Mjini Harar atafikia kwa nani? Ibada haijibu maswali hayo, hata uwe umehifadhi msahafu mzima.

Burton aliondoka Aden tarehe 29 Oktoba 1854 na kutua Zeila siku mbili baadaye. Gavana wa pale, Sharmarke Ali Saleh, alikuwa mzee wa miraba minne na mfanyabiashara mkubwa. Mwaka 1825 aliwahi kuwaokoa mabaharia wa meli ya Kiingereza iitwayo Mary Ann iliposhambuliwa Berbera, na yeye mwenyewe akajeruhiwa katika vurugu hizo. Sharmarke alijua fika mgeni wake ni nani. Walikwisha kuonana Aden. Akakubali mchezo, akampa nyumba na chakula, na mbele za watu akamwita kwa jina lake la kuazima. Siri ambayo gavana anaijua, na watumishi wake wanaihisi, ina siku ngapi za kuishi? Burton alikaa Zeila siku 26 akisubiri nyumbu na kibali cha njia. Alisali msikitini, alijadiliana na wanazuoni, aliwasomea watu hadithi za Kiarabu. Alidhani anajenga jina, na wakati huo huo alikuwa anawapa watu muda wa kumtazama.

Tazama pia alifuatana na nani. Mkuu wa msafara wake alikuwa Mohammed Mahmud, maarufu kwa jina la al-Hammal, ndiye hamali wetu huyu huyu wa Kiswahili, ila kwa wakati ule alikuwa sajini wa polisi wa Aden. Wa pili, Guled, naye alikuwa polisi wa Aden. Wa tatu alikuwa mwalimu wa dini mwenye kupenda mithali na kuogopa kufa, ambaye Burton alimbandika jina la Mwisho wa Zama. Hawa walikuwa watu hodari, na bila wao asingefika popote. Lakini mfanyabiashara Mwarabu anayelindwa na polisi wawili wa Waingereza, katika nchi ambayo nusu ya vijana wameshakwenda Aden kutafuta kazi! Sijui ni nani alitarajiwa kuamini.

Walianza safari tarehe 27 Novemba, wakiwa chini ya ulinzi wa mkuu mdogo wa kabila la Isa. Kadiri walivyopanda bara, ndivyo jina moja lilivyozidi kumfuata Burton kutoka kambi hadi kambi. Hawakumwita Mwingereza. Walimwita Mturuki.

Tuhuma hiyo ilikuwa na mantiki. Ngozi yake nyeupe, ndevu, kilemba, Uislamu wake, Kiarabu chake safi: vitu vyote alivyovikusanya ili aonekane Mwislamu wa mbali vilimwelekeza kwenye taifa moja tu lililojulikana pale. Waturuki walikuwa ng'ambo tu, Hodeida kule Yemen, na pasha wa huko ndiye aliyekuwa akiikodisha Zeila kwa Sharmarke. Mzungu Mnasara alikuwa mtu wa kusikia. Mturuki alikuwa jirani mwenye mizinga na tamaa ya ardhi. Kwa hiyo kila Burton alipoongeza ustadi wa kujifanya, ndivyo alivyozidi kufanana na adui waliyemwogopa zaidi. Vazi la kujificha lilimfikisha pabaya kuliko sura yake ya kuzaliwa.

Na mwili wake ulikuwa unamsaliti kwa njia nyingine. Siku moja wenyeji waliicheka bunduki yake, wakisema mkuki ndio silaha ya mwanamume. Burton akainua bunduki, akamwangusha tai akiwa angani. Watu walipiga kelele kwamba huyu anawashusha ndege kutoka mbinguni. Yeye alifurahi, na aliliandika jambo hilo kwa raha. Ukiwa mwanakijiji uliyeona, jioni ile utasimulia nini? Utasimulia habari za mfanyabiashara? Utasimulia habari za askari.

Mwishoni mwa Desemba wakafika Sagharrah, kwa mkuu wa kabila la Girhi aitwaye Gerad Adan (gerad ni cheo). Huyu alikuwa mjanja, mwenye ndoto ya kujenga boma lake na kuitia Harar adabu, na aliona mgeni mwenye uhusiano na watu wa pwani ni mali. Burton aliugua tumbo pale, akalala siku kadhaa. Ndipo wakaja wapanda farasi watano kutoka Harar, watu wa kabila la Habr Awal, wamevaa vizuri. Waliingia, wakaketi, wakatazama. Kisha wakatoka nje wakamhoji Gerad: hawa ni nani? Wakamwambia kwamba wageni wake ni majasusi waliotumwa na Waingereza wa Aden, na wakaomba wakabidhiwe ili wawapeleke Harar.

 Habr Awal ndilo kabila lililoishikilia biashara ya Berbera na lenye watu wengi Aden. Wale watano hawakuhitaji ramli. Habari ilikuwa imevuka ghuba kwa jahazi na kupanda mlima kwa ngamia wakati Burton bado anatafuta nyumbu Zeila. Gerad Adan alikataa kuwatoa wageni wake, na hapo ndipo nauona utaratibu wa udhamini ukifanya kazi yake kwa ukamilifu: hakukanusha kwamba ni majasusi, alisema tu kwamba hawa wako chini yangu.

Baada ya hao kuondoka, Burton akaamua. Ameeleza sababu zake mbili kwa uwazi. Moja, watu aliopita kwao humdharau mtu anayeficha asili yake mahali pa hatari. Pili, uso wake mweupe ulikuwa umemgeuza kuwa Mturuki, naye Mturuki alichukiwa na kushukiwa kuliko Mzungu, bila ya kuwa na haiba ya Mzungu. Akaketi akaandika barua ya bandia kutoka kwa mwakilishi wa Aden kwenda kwa Amiri. Mwisho wa Zama akasema afya yake haimruhusu kuendelea. Wakaenda al-Hammal, Guled, mwana wa Gerad na wawili wengine.

Sababu hizo mbili ni za kweli, lakini naona ya tatu imejificha chini yake. Burton mwenyewe anaeleza kwamba hata ndani ya kuta za Harar alisikia usemi huu: anayeitawala Berbera ameshika ndevu za Harar mkononi. Waingereza hawakuitawala Berbera, ila manowari zao zingeweza kuifunga siku yoyote, na kahawa ikaozea mjini. Basi Haji Mirza Abdullah akiuawa, ni mgeni asiye na mwenyewe, na hakuna atakayeuliza. Mwingereza mwenye barua akiuawa, kuna manowari zitakazouliza. Barua ile ilijibu swali la wewe ni wa nani. Ndiyo maana haikuhitaji kusomeka.

Langoni walingojeshwa kama nusu saa. Wakaongozwa hadi uani kwa Amiri, wakaambiwa washuke na kukimbia, kama ilivyokuwa desturi ya kuingia kwa mtawala. Burton alikataa, akatembea. Kukawa na ubishi juu ya silaha. Ndani ya ukumbi, ukutani, zilining'inia bunduki za utambi na pingu zilizong'arishwa. Amiri Ahmad ibn Abu Bakr alikuwa kijana wa miaka kama 24, mwembamba, rangi imempauka kwa maradhi, amekaa kwenye kiti kidogo. Burton alitoa salamu kwa sauti kubwa ya Kiarabu. Amiri akanyoosha mkono wenye mifupa. Wahudumu wawili wakamshika mgeni mikono wamsaidie kuinama. Akainama, ila mkono hakuubusu.

Amiri akauliza amekuja kwa nini. Burton akajibu kwamba ametoka Aden na salamu za gavana, na kwamba ameingia Harar kuuona mwangaza wa uso wa mtukufu. Kijana akatabasamu. Burton anakiri kwamba tabasamu lile lilimshusha pumzi.

Barua ilipotolewa baadaye, Amiri aliitazama kama mtu atazamaye hirizi ya mganga asiyemjua, akaomba aelezwe. Ikaelezwa kwa mdomo, kwa maneno ya urafiki wa zamani na biashara. Tangu hapo Burton akawa mgeni wa serikali: alipewa nyumba ya Amiri, akaletewa nyama iliyojaa pilipili na mikate ya mtama. Hakuweza kutembea bila macho juu yake. Waliomtembelea kwa mazungumzo ya elimu walikuwa pia wanapima, wakirudisha habari kasri. Waziri, Gerad Mohammed, alimhoji kwa upole wa mtu asiyeamini. Hata hivyo hakuna aliyemtia kizuizini kwa jina. Walimweka palepale katikati, kati ya mgeni na mateka, na kwa siku kumi hakujua yuko upande gani.

Mimi huwastahi watu wa Harar kwa siku hizo kumi kuliko kwa ukali wao wote wa awali. Walikuwa na mtu waliyejua ni mpelelezi. Wale watano wa Sagharrah walikwisha kusema. Walijua kumwua ni ghali, kumwacha azurure ni hatari, kumfukuza papo hapo ni kuitukana Aden. Wakamlisha, wakamfungia ndani kwa adabu, wakangojea habari kutoka pwani. Mwanazuoni mmoja aliyeheshimika, Sheikh Jami, alisema neno jema juu yake. Waziri aliugua kifua, na Burton akaahidi kwamba akirudi Aden atamtumia dawa. Ahadi hiyo ilimfanya awe na faida zaidi akiwa njiani kuliko akiwa ndani. Tarehe 13 Januari wakamwachia, akiwa na barua ya Amiri kwa gavana wa Aden. Barua hii ilikuwa halali.

Usiku wake wa kwanza mjini, anasimulia, alilala akifikiri kwamba yuko chini ya paa la mtawala ambaye neno lake dogo ni kifo, na kwamba yeye ndiye chombo kilichoandikiwa kuuangusha mji huo siku zijazo. Aliandika hivyo kwa majivuno kidogo, na nadhani hakuona kwamba kwa sentensi hiyo ameyathibitisha yote waliyomshuku. Kitabu chake kilitoka 1856. Ndani yake zimo kuta, malango, askari wa Amiri, njia, mapato, maadui wa mji na mivutano ya ukoo wa kifalme. Mwishoni ameambatisha muhtasari wa sarufi na msamiati wa Kiharari, kazi ambayo wanaisimu waliitumia kwa muda mrefu na ambayo naiheshimu. Lakini ni kitabu kile kile.

Kuna watu wawili ambao kisa hiki huwapita haraka. Al-Hammal na Guled waliingia lango lile nyuma ya Burton. Barua ya Kiingereza iliwalinda nini? Kwa Harar walikuwa Wasomali waliomleta Mnasara, na kwa Wasomali wenzao walikuwa waliokula mshahara wa Aden. Mtu anayejificha hutegemea wale wanaomjua na kunyamaza, na kunyamaza huko wao ndio hukulipia. Burton anawataja kwa upendo na kwa dhihaka, mara nyingi katika aya moja. Angalau anawataja.

Safari ya kurudi hadi Berbera ilikaribia kuwaua kwa kiu, lakini walifika mwishoni mwa Januari. Sehemu ya kutisha ilikuja baadaye, na kwa maoni yangu ndiyo inayofungua kisa chote.

Aprili mwaka huo huo Burton alirudi Berbera akiwa na maofisa wenzake watatu, Speke, Herne na Stroyan, kwa safari nyingine ya bara. Safari hii hakujificha hata kidogo. Walipiga kambi waziwazi, Waingereza wenye bendera na hesabu za vifaa. Msimu wa soko ukaisha, msafara mkubwa ukaondoka kuelekea bara, na wao wakabaki ufukweni wakingoja barua na vifaa. Tarehe 18 wakaja wapanda farasi watatu, wakatazama kambi, wakaulizwa kama ni wapelelezi wa washambuliaji, wakacheka. Kulikuwa na uvumi kwamba Sharmarke anakuja na jahazi kuitwaa Berbera, na kwamba hawa Waingereza ndio watangulizi wake. Usiku wa manane kuamkia tarehe 19, kambi ikavamiwa na watu wengi. Burton alikadiria 350. Stroyan aliuawa. Speke alichomwa mara 11 akanusurika. Burton alipigwa mkuki uliopita shavu moja na kutokea la pili, na kovu lake linaonekana katika picha zake nyingi za baadaye.

Ukweli haukumlinda, basi, kama vile uongo haukumlinda. Januari alikuwa wa Gerad Adan na, nyuma yake, wa Berbera iliyojaa watu na biashara. Aprili soko limevunjwa, wenyeji wake wa msimu wametawanyika, na hakuna ukoo uliokuwa tayari kusema hawa wako chini yetu. Waingereza walijibu kwa kuifunga Berbera kwa manowari, mpaka Habr Awal wakatia sahihi mkataba mwaka 1856. Tishio ambalo Amiri alilihesabu kimoyomoyo miezi michache nyuma lilitekelezwa kweli, kwa kosa la watu wengine.

Amiri Ahmad alifariki mwaka 1866. Mrithi wake, Muhammad, ndiye aliyekuwa kasrini mwezi Oktoba 1875 wakati jeshi la Misri chini ya Rauf Pasha lilipopanda kutoka Zeila likiwa na mizinga, chini ya himaya ya Sultani wa Istanbul. Amiri Muhammad aliuawa, na Wamisri wakakaa mjini miaka kumi. Wale waliomwita Burton Mturuki njiani walikuwa wanatazama njia hiyo hiyo.